Mbuzi Wangu Walilala kwa Watu

Nyinyi vijana mnaonijia siku ya soko na kusema, "Susu, tufunze mbuzi," kila mara mnaanza na bei. Bei ni ya mwisho. Anzeni na jicho. Shika kichwa, vuta kope la chini kwa kidole gumba, uangalie nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, endelea. Ikiwa nyeupe, minyoo imekunywa damu yote na wewe unanunua ngozi inayotembea. Kisha fungua mdomo uangalie meno ya mbele, maana muuzaji atakuapia kwamba mbuzi ni msichana na kumbe ni nyanya kama mimi. Peleka mkono mgongoni, nyuma ya mbavu, ubonyeze. Ukigusa mfupa mkali kama kisu, achana naye. Halafu mwambie muuzaji amtembeze juu ya mawe, si juu ya mchanga. Mchanga huficha kilema.

Hiyo ya mguu ikumbukeni. Tutarudi hapo, na sitafurahi tukifika.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, mama akanitoa nikachunge. Mjukuu wangu Mwende ndiye aliyenipa kalamu akasema, "Susu, andika vile unaongea." Basi hivi ndivyo ninavyoongea. Nimenunua na kuuza mbuzi tangu mama zenu hawajaota meno. Kutoka Kambu hadi Kibwezi hakuna dalali wa kiume aliyenidanganya mara mbili. Mara moja, ndiyo. Nikiwa bado mgeni wa kazi niliuziwa beberu mwenye tumbo kama ngoma, nikamlipia kwa furaha. Kumbe asubuhi hiyo alikuwa amelambishwa chumvi, akapewa maji mpaka akashindwa. Tulimpakia kwenye lori, akakojoa njia nzima. Nilinunua mbuzi Kambu, nikafika Kiboko na mwavuli uliofungwa. Wanaume wa lori walicheka mpaka dereva akasimamisha gari.

Aliyenifundisha kazi baada ya hapo ni mama mmoja aliyeitwa Syombua. Huyo alikuwa anafunga sketi yake kwa kamba ya katani. Anakula muthokoi baridi kwenye kopo, amekaa juu ya jiwe, na wanunuzi wa kutoka Nairobi wanamruka kama kisiki. Siku moja nikamhurumia, nikamnunulia chai. Akainywa, akanitazama.

"Mwanangu, unajua lile lori la mbuzi linaloondoka pale ni la nani?"

"La wale wanaume."

"Lori ni la wale wanaume. Mbuzi ni zangu." Akafuta mdomo. "Mali ni kama kidonda. Funika, nzi wasijue."

Nikafunika. Mume wangu alipokufa nikafunika zaidi, kwa sababu shemeji wawili walikuja matanga na macho yao yakaingia zizini kabla hawajaingia nyumbani. Waliona mbuzi watatu. Watatu hao ndio nilioacha waonekane miaka yote. Nikavaa leso ileile mpaka maua yake yakafutika. Nikatembea na akala za tairi. Simu yangu ni mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, kioo kimepasuka, na sikukibadilisha kwa makusudi. Kuta za nyumba yangu ni za udongo. Watu wakiniuliza habari nasema, "Tunasukuma tu." Na watoto wangu wote wamesoma. Kioko, kifungua mimba wangu, ni fundi wa umeme Mombasa, dada zake wawili ni walimu, na mpaka wamekuwa wakubwa walidhani karo yao ililipwa na maombi. Hapo sina aibu. Hapo najisifu, na nitajisifu mpaka nizikwe.

Sasa mtauliza, mbuzi wengine walikuwa wapi?

Walikuwa kwa watu. Hii si akili yangu, ni desturi ya wazee wetu. Mali haikai boma moja. Ugonjwa ukiingia hapa, kule kunabaki. Ukame ukipiga huku, ng'ambo ya mto Athi kuna majani. Kwa hivyo unampa mtu mbuzi wako awachunge. Yeye anakunywa maziwa, anachukua mbolea ya shamba lake, na mbuzi wakishazaa vizuri unamtolea mtoto mmoja awe wake kabisa. Hakuna karatasi. Kuna neno tu, na neno lilitosha, kwa sababu mchungaji alimjua mwenye mbuzi na mwenye mbuzi alimjua mchungaji. Walikula pamoja.

Mimi nilibadilisha kitu kimoja. Nilimweka Kilonzo katikati. Kilonzo ni dalali, binamu wa marehemu mume wangu, mtu wa maneno mengi lakini siri anameza. Yeye ndiye aliyepeleka mbuzi na ndiye aliyeleta habari. Wachungaji waliambiwa wana mbuzi za "mwenyewe". Mwenyewe ni nani? "Ni mtu wa mbali." Simu zilipokuja kazi ikawa rahisi hata zaidi. Kilonzo ananipigia, "Yule mweusi amezaa mapacha," nami niko jikoni naota moto kama mwanamke asiye na kitu. Nilijiona mjanja kuliko Syombua.

Mmoja wa wachungaji hao alikuwa Mutindi.

Mutindi ni mwanamke wa kanisa letu, rika la binti zangu. Bwana yake alikwenda kutafuta kazi akatafuta na mke mwingine hukohuko. Alimwachia msichana mmoja, Mumbua, na shamba la mawe. Mbuzi zangu ndizo zilizokuwa zizini kwake. Aliwachunga vizuri kuliko ningewachunga mimi. Kiangazi kikiwa kikali alikuwa anapanda miti kuwakatia maganda ya migunga, mwanamke mzima na sketi yake.

Na Mutindi alikuwa rafiki yangu. Hapo ndipo pabaya. Alikuwa anapita kwangu akitoka kuteka maji, ananikuta nje nachambua ndengu, anakaa, tunachambua pamoja. Aliniita mama.

Siku moja mwana-mbuzi mmoja mweupe alitumbukia kwenye shimo la mchanga akavunjika mguu wa nyuma. Mutindi akampigia Kilonzo, Kilonzo akanipigia mimi. Nikasema asichinjwe, afungwe kwa vijiti viwili na kitambaa, juu na chini ya mahali palipovunjika, asikazwe sana damu isikatike, alale ndani mpaka mfupa ushike. Kilonzo akapeleka maneno kama yake. Mutindi akafanya. Akamlisha kwa mkono.

Baadaye Mumbua akafaulu kwenda sekondari. Mutindi akamwomba Kilonzo mbuzi wake wa uchungaji, amuuze anunue sanduku na godoro la shule. Mbuzi walikuwa wameshazaa vizuri, haki yake ilikuwa imefika. Lakini soko lilikuwa chini, na mimi nina akili ya soko. Nikamwambia Kilonzo, "Mwambie mwenyewe amesema asubiri." Siku chache baadaye huyo Mutindi akaja kwangu, akakaa kwenye benchi, ndengu mapajani, akalia.

"Mama, huyo mtu hana watoto?"

"Mtu gani?"

"Mwenye mbuzi. Namchungia kama macho yangu. Leo nina shida, anasema nisubiri. Nisubiri nini, shule ihamie kwangu?"

Na mimi, vijana, mimi hapa, nilisema hivi: "Matajiri ndivyo walivyo, mwanangu. Wana roho ya jiwe."

"Mungu anawaona."

"Anawaona," nikasema. Nikaendelea kutoa mawe kwenye ndengu.

Mumbua alikwenda shule na sanduku la kuazima. Muhula ulipoisha nikaona nimalize neno. Kilonzo akaniuliza, "Nimpe yupi?" Mkataba wa wazee unasema mchungaji apewe mzuri. Nikafikiria mapacha wa yule mweusi, wanono, jike na jike. Nikasema, "Mpe yule wa mguu."

Kilonzo akasema, "Mama Kioko, yule anachechemea."

"Si ni mbuzi? Mpe."

Akampa. Mutindi akapiga magoti akashukuru. Kilonzo mwenyewe ndiye aliyeniambia, na hakunitazama akiniambia.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nyingi. Ukuta wangu wa nyuma ukalainika, ukaanguka wote jikoni. Ningeweza kujenga nyumba ya mawe mwezi huohuo. Lakini mawe yanauliza maswali. Nikaning'iniza magunia nikasema nitakandika polepole. Akina mama wa kanisa wakaja kuniona, wakaingiza vichwa ndani, wakatoka wamejishika mdomo. Mwenyekiti wao akasema, "Mama Kioko, umenyamaza na shida hii yote? Unatuaibisha." Nikasema Mungu yupo. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nayo kwa kila kitu.

Wakapanga Jumapili yangu bila kuniuliza. Baada ya ibada nikawekwa kiti cha plastiki mbele ya mlango wa kanisa, wakaimba wakizunguka, kila mtu akaweka alichonacho: mahindi kwenye ndoo, blanketi, mabati yaliyotumika, misumari iliyonyooshwa kwa nyundo. Nilitaka kusimama. Nikajiambia, ukisimama sasa, shemeji zako watajua, soko litajua, wezi watajua. Kaa. Itapita.

Halafu umati ukafunguka, Mutindi akaja na mbuzi.

Mweupe, safi kama ameoshwa, kamba mpya ya katani shingoni. Amejaa, mgongo umelala, manyoya yanang'aa. Mimba changa tumboni. Mutindi akasimama mbele ya watu wote.

"Mimi sina maneno mengi. Huyu ndiye mbuzi wangu wa kwanza kuwa wangu. Wale wengine zizini ni wa tajiri fulani, Mungu amsamehe. Mama huyu amekula machozi yangu kwenye benchi yake. Namtolea aanze naye maisha."

Watu wakapiga makofi. Pasta akasema amina mara mbili. Mwenyekiti akalia. Kamba ikawekwa mkononi mwangu.

Sasa sikilizeni kazi inavyoweza kumharibu mtu. Miaka yote hiyo, mbuzi akisimama mbele yangu mikono yangu haingoji kichwa. Nikavuta kope: jekundu. Nikashika mgongo: umejaa. Na kabla sijajua, nikainama kwenye kiti cha plastiki, mkono ukashuka mguu wa nyuma, wa kushoto, vidole vikakuta pale palipoungana, fundo dogo, gumu, mfupa umenyooka kabisa. Nilifurahi, vijana. Nilisahau niko wapi. Nikasema kwa sauti, "Asi! Kumbe ulishika vizuri hivi!"

Watu wakacheka. Walidhani ni furaha ya maskini.

Mutindi hakucheka. "Nini kilishika, mama?"

"Mguu."

"Mguu gani?"

Nikasema, "Nimeona kama anachechemea."

"Hachechemei. Hajachechemea tangu mvua zianze." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Habari ya mguu nilimwambia Kilonzo peke yake. Na Kilonzo alimwambia mwenyewe."

Wimbo ulikuwa umeanza tena, kwa hivyo wengi hawakusikia. Tulitazamana. Nikaona uso wake ukirudi nyuma, ukipita siku za ndengu moja moja. Nilingoja apige kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Akainama tu, akaniwekea kamba sawa mkononi, maana ilikuwa imeteleza.

"Chukua mbuzi wako, mama," akasema, akaenda kusimama na wengine, akaimba.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa nje ya magunia yangu niliposikia kelele ikitoka upande wa barabara kuu. Mutindi alikuwa ameswaga mbuzi wote aliokuwa akinichungia, akawapitisha katikati ya Kambu, mbele ya vibanda vya vitunguu, mbele ya madereva wa lori, mbele ya vinyozi. Watu walikuwa wanamuuliza, "Mutindi, unahama?" Yeye anajibu kila mmoja kwa heshima, "Hapana. Nawapeleka kwa mwenyewe." Nyuma yake Kilonzo juu ya boda boda, anapiga honi, anasema, "Mama Mumbua, tuongee! Mama Mumbua, ngoja!" Na nyuma ya Kilonzo, soko zima, maana nani angekubali kukosa?

Mbuzi walijaa uwanja wangu. Walipanda juu ya mabati niliyochangiwa. Wakala mahindi niliyochangiwa kwenye ndoo.

"Waangalie," Mutindi akaniambia. "Kope, meno, kila kitu. Wewe si unajua?"

"Mutindi mwanangu, kaa chini."

"Waangalie kwanza, usije ukasema nimepoteza."

Sikuwaangalia. Nilisema mbele ya wote achague anaowataka. Nikasema achukue wale mapacha, achukue mama yao, achukue hata nusu. Sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya dalali, nilijisikia mwenyewe, napandisha bei ya kitu kisichouzwa.

"Wangu ulikuwa mmoja," akasema. "Nilishakupa."

Akamwendea yule mweupe aliyefungwa mlangoni pangu, akafungua kamba shingoni, akaiviringisha mkononi. Mnajua desturi ya soko: mbuzi akiuzwa, muuzaji hubaki na kamba yake. Akitolewa kwa upendo, kamba huenda naye. Alichukua kamba. Hakuna mtu mzima pale ambaye hakuelewa.

Siku hizo zilizofuata sitaki kuziandika sana. Shemeji walikuja, bila shaka, na hesabu zao. Nilipeleka blanketi na mabati kanisani, mwenyekiti akakataa hata kuyagusa. "Kaa nayo, Mama Kioko. Sisi tulitoa, hatukukopesha." Nikamtumia Mutindi pesa kwa simu, zikarudi kabla sijaiweka simu chini. Na nyinyi vijana mnaokaa kwenye benchi yangu, msijifanye. Niliwasikia mkipita: "Susu, leo tukuchangie nini?" "Susu, kuna mbuzi mwingine hapo chini ya kitanda?" Mlicheka vizuri. Nilistahili.

Sikatai maneno ya Syombua. Mali funikeni. Mfiche mwizi, mfiche shemeji, mfiche hata pasta kama anapenda kuhesabu. Leso yangu ni ileile na sitaitupa. Lakini Syombua alinidhania nina akili ya kumalizia mwenyewe. Hakuniambia nimfiche mtu anayelala njaa akilinda kile ninachoficha. Na hakuniambia nimkamulie machozi halafu nimpe wa mguu.

Yule mweupe sikumuuza. Nilimtenga na wengine, nikamchunga mwenyewe, kwa miguu hii inayouma, nikampandia miti karibu nianguke. Niliwaza hivi: Mutindi alinipa mbuzi, sawa, lakini mimi sikuwa na haki ya kupewa. Basi huyu bado ni wake, yuko kwangu kwa uchungaji. Akazaa jike, mweupe kama yeye. Alipoachishwa maziwa nilimvalisha kamba mpya, niliyoisokota kwa mkono wangu, nikatoka asubuhi watu wakiwa barabarani. Sikumtuma Kilonzo. Nilipita vibanda vya vitunguu, nikapita vinyozi, nikasalimiwa na kuchekwa, nikapanda mpaka kwake.

Mutindi alikuwa anafagia uwanja. Zizi lake lilikuwa tupu, mlango wazi. Akaniona, akaegemeza ufagio ukutani. Hakuniita mama. Hakunifukuza.

"Nimeleta mtoto wa yule mweupe," nikasema. "Na kamba."

Akaja. Akavuta kope. Akafungua mdomo. Akapitisha mkono mgongoni, kisha akashuka mguu mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, bila haraka, kama nilivyowafundisha. Akamtembeza juu ya mawe ya uwanja wake, huku na huku. Nilisimama juani nikingoja kama wale wote niliowahi kuwangojesha.

Hatimaye akashika kamba, akamwingiza zizini, akafunga mlango. Akachukua ufagio wake.

"Ukirudi," akasema, mgongo kwangu, "mwambie mwenyewe nimepokea."

Nikasema nitamwambia.